Hotuba ya Kamati kwa Wanafunzi Wageni: Kuni, Chakula na Ziara ya Kurudishiana

(Hotuba hii ilisomwa kwa niaba ya Kamati ya Jumuiya katika kambi ya Dzaleka, Malawi, wakati wa maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, mbele ya wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka Ulaya na wenzao wa hapa Malawi waliokuwa wanamaliza ziara yao ya mafunzo. Tunaichapa kama ilivyosomwa.)



 Tunawashukuru wageni wetu kwa kukaa nasi siku hizi kumi, kwa kula tulichokula, na kwa kuwavumilia watoto waliowafuata kila mlikokwenda. Wale waliojaribu kusonga ugali na mwiko ukawashinda, tunasema poleni. Tulijitahidi tusicheke.

Kamati iliombwa kuzungumza juu ya jambo lililowaleta, ambalo kwenye barua yenu liliitwa matumizi na uzalishaji endelevu. Barua hiyo iliposomwa katika mkutano wa wazee, mzee mmoja aliuliza, "Endelevu mpaka lini?" Watu walicheka, lakini swali lake lilibaki nasi. Kwa mtu aliyefika hapa akiambiwa kwamba anasubiri kwa muda tu, na sasa ana wajukuu waliozaliwa humu humu, neno endelevu halisikiki kama linavyosikika chuoni.

Tunajua neno hilo lilikotoka. Mwaka 1992, katika mkutano wa Rio de Janeiro, mataifa yalikubaliana kwa maandishi kwamba sababu kubwa ya kuharibika kwa mazingira ya dunia ni namna watu wanavyotumia na kuzalisha vitu, hasa katika nchi zenye viwanda. Mwaka 1994 wajumbe waliokutana Oslo wakaandika maana yake, ambayo kwa maneno yetu ni hii: watu wapate mahitaji yao ya msingi na maisha bora, wakipunguza malighafi, sumu na takataka, ili watakaozaliwa baadaye nao wakute kitu. Mwaka 2015 jambo hilo likawa lengo la 12 katika yale malengo 17 ya Umoja wa Mataifa. Mwaka ule wa Oslo ndio mwaka kambi yetu ilipofunguliwa hapa wilaya ya Dowa, mahali palipokuwa gereza la kufungia wapinzani wa serikali. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Tunatoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kugombana na kupatana sokoni.

Sasa ndugu wanafunzi, mlipofika siku ya kwanza mlitusifu. Mlisema hamjaona mahali ambapo watu wanatupa vitu vichache hivi. Mliona kopo la mafuta limegeuzwa taa, jingine limekuwa bati la mlango, gunia la unga limekuwa pazia, na godoro likawa mito ya watoto. Tulifurahi kusifiwa, maana si kila mgeni anayekuja hapa hutusifu. Lakini jioni ile, baada ya ninyi kwenda kulala, tulibaki tukiongea, na furaha ikapungua. Mtu asiyetupa kwa sababu hana cha kutupa, je, huyo amejifunza kutumia vizuri? Au amenyimwa tu?

Ndipo tukaamua tusiwaonyeshe makopo peke yake. Tukawapeleka jikoni.

Chakula chetu kikuu ni mahindi na maharage. Miaka mingine tumepokea nafaka yenyewe, miaka mingine fedha za kununulia, na zaidi ya mara moja mgao umekatwa. Wataalamu wamekadiria kwamba mtu anahitaji nguvu ya chakula ya kilokalori 2,100 kwa siku, na kipimo hicho ndicho kinachotumika kupanga mgao wa wakimbizi. Lakini kilokalori hizo zimepimwa kwenye karatasi. Maharage makavu hayaliwi mpaka yachemke kwa saa nyingi, na kipimo hicho hakina kuni ndani yake.

Kwa hiyo hivi ndivyo inavyokuwa, na walioshinda na akina mama wameona wenyewe. Mama anapata mahindi yake. Sehemu anaipeleka sokoni siku hiyo hiyo, apate fedha ya mashine ya kusaga na fedha ya makaa, au makala kama tunavyosema sisi wa kutoka Kongo. Anauza siku ambayo kila mtu anauza, kwa hiyo bei iko chini. Kabla mwezi haujaisha unga umekwisha, anarudi kwa mfanyabiashara yule yule na kununua unga ule ule kwa bei iliyopanda. Moto umekula sehemu ya mahindi kabla mtoto hajala.

Mmoja wenu, binti aliyekuwa na daftari kubwa, alitengeneza jedwali la matumizi ya kila nyumba. Kulikuwa na safu ya chakula kilichonunuliwa, safu ya chakula kilicholiwa, na safu ya chakula kilichotupwa. Katika nyumba ya mama mmoja aliandika kwenye safu ya mwisho: hakuna. Mama akamwuliza ameandika nini. Alipotafsiriwa akasema, "Sasa andika na kile nilichouza ili nipate moto." Binti akatazama jedwali lake, akasema hakuna mahali pa kukiandika. Mama akamjibu, "Basi ongeza mstari." Na mstari uliongezwa. Sisi wa Kamati tunaona mstari huo ndio jambo kubwa lililofanyika katika siku hizi kumi, na tunaomba usifutwe mtakapofika kwenye kompyuta zenu.

Tuseme pia makosa yetu wenyewe, maana hatukukaa hapa kama malaika. Kuni tumekata. Nchi hii ilipokea wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya milioni moja mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wazee wa vijiji jirani wanakumbuka jinsi miti ilivyokwisha katika maeneo ya mipakani wakati ule. Sisi tulipokuja, wenyeji walishajua jambo hilo linavyoanza. Binti zetu wamekwenda mbali kutafuta kuni na wamekutana na matukano, na wengine wamekutana na mabaya kuliko matukano. Kwa upande mwingine, mkulima aliyepanda mti wake akaukuta umekatwa usiku ana haki ya kukasirika. Mheshimiwa mkuu wa kijiji alilisema hilo juzi mbele yenu kwa maneno makali, na hatukumzuia, kwa sababu lilikuwa kweli.

Mafiga matatu yana kosa moja kubwa: moto mwingi unapita pembeni ya sufuria na kuwapasha watu waliokaa, nao hawakuomba. Wenzenu wa Malawi walituonyesha jiko la udongo linaloitwa chitetezo mbaula. Tafsiri ya chitetezo ni ulinzi. Jiko hilo huzunguka moto na kuupeleka juu kwenye sufuria, linabebeka, na hufinyangwa na akina mama wa vijijini kwa udongo wa kawaida. Halikuwa geni kabisa kwetu, lakini wengi walidhani ni kitu cha mradi, cha kupewa. Walipoona linavyofinyangwa na kuchomwa walielewa kwamba ni kitu cha kutengeneza. Fundi mmoja wa kambini tayari anagombana na udongo wake unaopasuka. Tumpe muda.

Na ninyi wa Ulaya mlileta kikapu cha joto. Chakula kinachemshwa kwa muda mfupi, kisha sufuria yenye kifuniko inaondolewa motoni na kufungwa ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au nyasi kavu, na chakula kinaendelea kuiva bila kuni. Maharage yakilowekwa usiku kucha kwanza, yanaiva vizuri zaidi kwa njia hiyo. Mama mmoja wa Burundi alitazama mpaka mwisho, kisha akasema bibi yake alikuwa akifunika chungu kwa majani ya migomba na nguo kwa namna hiyo hiyo, ila hakuwahi kusikia kwamba inafundishwa chuo kikuu.

Lakini hata hapo, wapendwa, tazameni kwa makini. Kuloweka kunataka ndoo. Familia yenye ndoo mbili huziweka zote kwa maji ya kunywa, kwa sababu foleni ya bombani haina huruma. Kikapu kinataka sufuria yenye kifuniko kinachobana, na sufuria nyingi hapa zilipoteza vifuniko njiani kutoka huko tulikotoka, au havikuwapo tangu mwanzo. Tulihesabu gharama ya ndoo moja na kifuniko kimoja, tukaona ni ndogo kuliko makaa ambayo familia inachoma katika muda mfupi tu. Kinachokosekana ni fedha ya kuanzia, kwa sababu mtu anayenunua makaa ya leo kwa leo hawezi kuweka akiba ya kununulia kifuniko. Anayetumia kidogo kwa siku huishia kulipa zaidi kwa mwaka. Nadhani walimu wenu wa uchumi wana jina la jambo hili.

Juu ya uzalishaji tutasema kifupi. Vijana wetu wanashona, wanatengeneza sabuni, wanalima mboga nyuma ya nyumba kwa mbolea ya maganda na majivu. Kazi zao ni nzuri. Ila Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, hapo mwaka 1987, iliweka pingamizi katika vifungu kadhaa, vikiwemo vya kazi za mshahara na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 waliokuwa wakifanya biashara mijini walitakiwa kurudi kambini. Hatuko hapa kuigombeza serikali iliyotupokea wakati wengine walifunga milango. Tunawaeleza tu wanafunzi kwamba bidhaa nayo inahitaji ruhusa ya kutoka, na sabuni isiyotoka kambini inaogesha kambi peke yake.

Usiku wa saba tuliwaomba ninyi mtueleze ya kwenu, na mlisema bila kuficha. Mlitueleza jiko la bweni ambamo kila mwanafunzi ana rafu yake kwenye friji, na mwisho wa muhula mifuko inajazwa vyakula ambavyo havijafunguliwa na kutupwa. Mlitusomea ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, zaidi ya nusu yake kutoka majumbani, na kwamba kwa wastani kila mtu duniani anahesabiwa kilo 79 za chakula kinachotupwa nyumbani kwa mwaka. Watu walikaa kimya. Kisha mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya huruma kabisa, "Kwani hawana kuku?" Mlicheka, nasi tukacheka, lakini yeye alitaka jibu. Kijana wenu mmoja alimjibu kwamba hawana kuku, wala hawajui jirani yao anaitwa nani ili wampe. Jibu hilo lilizungumzwa sana kambini siku iliyofuata.

Hayo ndiyo tunayaita mabadilishano. Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo Kamati ilituagiza tusilikwepe.

Mpango wa Erasmus wa Ulaya ulianza mwaka 1987 kwa wanafunzi 3,244 wa nchi 11, na ulikua kwa sababu kila nchi ilituma na kila nchi ikapokea. Sisi mwaka jana tulipokea kundi la kwanza. Makubaliano yalikuwa kwamba vijana wetu wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, watakwenda kwenu kufanya yale yale: kukaa katika nyumba, kuhesabu kinachonunuliwa na kinachotupwa, na kuuliza maswali. Walijiandaa kwa miezi. Walijifunza kutengeneza jedwali. Barua za mwaliko zilikuja, picha zikapigwa, vibali vya kwenda Lilongwe vikaombwa. Ubalozi mmoja ukajibu kwamba hakuna uthibitisho wa kutosha kuwa waombaji watarudi nyumbani baada ya ziara. Barua nne, maneno yale yale.

Kijana mmoja kati yao alizaliwa hapa Dzaleka. Alikuja ofisini na barua yake akatuuliza, "Nirudi wapi ndipo wangeridhika?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa 1951 kinasema mkimbizi anayekaa kihalali katika nchi apewe hati ya kusafiria, na tunajua wapo waliozipata. Lakini hati ni kitu kimoja na mlango kufunguliwa ni kitu kingine. Hotuba aliyoiandika kijana yule ilisomwa katika ukumbi wenu na mwanafunzi mwingine, picha yake ikiwa ukutani. Mlifanya hivyo kwa heshima, tunajua. Yeye alisema alijisikia kama marehemu.

Tusieleweke vibaya. Iko njia ya masomo kwa wakimbizi, na tunaishukuru. Tangu mwaka 1978 wanafunzi wa vyuo vya Kanada wamekuwa wakichanga fedha zao wenyewe, kupitia shirika la WUSC, ili kuwapokea wanafunzi wakimbizi, na vijana kutoka kambi hii wamekwenda kwa njia hiyo. Tangu 1992 kuna ufadhili wa DAFI kwa wanaosoma katika nchi waliko. Lakini anayekwenda Kanada amehama. Tunamsindikiza kwa nyimbo na machozi, na kambi inabaki bila yeye. Ziara ya kurudishiana ni kitu kingine: mtu aende, aone, arudi, atusimulie. Hiyo ndiyo hatujaipata hata mara moja.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi na walimu, maombi yetu ni ya kawaida. Ripoti ya siku hizi kumi iandikwe pia kwa Kiswahili na Kichewa na iletwe hapa, na majina ya vijana wetu waliopima na kutafsiri yawekwe pamoja na ya kwenu, siyo kwenye shukrani. Maombi ya viza yaanze mapema safari hii, na chuo chenyewe kiandike kwa mkono wa wakuu wake, kisimwachie kijana kujieleza peke yake dirishani. Na ikiwa mlango wa Ulaya utafungwa tena, basi mkutano ujao ufanyike Lilongwe. Pale ni chini ya kilomita 50. Wanafunzi wa Malawi walituambia kwa unyonge kwamba wameishi karibu nasi hivyo na hawakuwahi kuja, isipokuwa mmoja aliyefika kwenye Tamasha la Tumaini, lile lililoanza hapa kambini mwaka 2014, akalala katika nyumba ya mkimbizi. Kwake yeye hatukuwa wageni. Tungependa vijana wetu walale katika bweni lake, wakague friji.

Mheshimiwa Mkuu wa Kambi, kibali cha safari ya kwenda na kurudi Lilongwe kwa vijana wanne ni jambo lililo ndani ya uwezo wa ofisi yako. Tumeleta barua, na nakala tumeiambatanisha na hotuba hii.

Waheshimiwa wakuu wa vijiji, vijana wenu wawili tunawaomba pia wawemo, maana hesabu ya kuni bila mwenye miti ni hesabu nusu.

Tumalizie na chakula. Maharage ya leo yalilowekwa jana jioni katika ndoo tulizoazima kwa majirani, na wenye ndoo wanaombwa wazichukue kabla ya giza. Sufuria ziliondolewa motoni kabla ya maandamano ya watoto kuanza, zikafungwa kwenye vikapu. Akina mama wamefungua kikapu kimoja sasa hivi na wanasema yameiva, ila chumvi haijatosha. Karibuni.